Kumnunua Samaki Mgonjwa

Tumeletewa swali na ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, ambaye kwa ajili ya kazi amehamia Kayole, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi. Atwambia kwamba karibu na akaapo pana duka dogo liuzalo samaki wa mapambo, wale watiwao katika tangi la kioo wakatazamwa. Ana mwana wa miaka 8, na kila wapitapo hapo mtoto humvuta mkono. Siku moja wakaingia. Mtoto akamchagua samaki wa dhahabu aliyejitenga pembeni, mapezi ameyabana, mwili una madoa meupe kama chembe za chumvi. Baba akamwambia achague mwingine aliye mzima. Mtoto akakataa, akasema: "Baba, huyu tusipomchukua sisi atakufa." Muuzaji naye akasema: "Huyo amechoka kwa safari tu, atapona." Wakamnunua kwa shilingi 200. Siku ya tatu akafa, na kabla ya wiki 2 kwisha wakafa na wale 4 waliokuwako nyumbani zamani. Ndugu yetu auliza: je, tulitenda jema au tulitenda baya?

Huenda baadhi ya wasomaji wakaliona swali hili kuwa ni mchezo, khaswa sisi watu wa pwani ambao samaki twamjua akiwa ndani ya mchuzi wa nazi. Lakini biashara hii si ngeni kwetu kama tudhanivyo. Katika bahari yetu hii hii, kutoka Shimoni hata Kilifi, wako watu wetu wazamiao kwenye matumbawe kwa nyavu ndogo, wakawashika samaki wa rangi wakiwa hai, nao wakasafirishwa kwa ndege hata Ulaya na Marekani kwenda kukaa katika matangi ya watu. Kwa hivyo mas'ala ya nani awajibika kwa kiumbe aliye ndani ya mfuko wa maji si ya Kayole peke yake.

Ama kufuga kwenyewe hakuna ubaya. Abu Umair, ndugu mdogo wa Anas bin Malik, alikuwa na kidege chake akichezea, na Mtume (S.A.W.) alimwona nacho asimkataze, na kilipokufa alimfanyia upole. Mwanachuoni wa Kishafii, Ibn al-Qass, alikitungia kisa hicho kitabu kizima, akatoa ndani yake faida 60. Lakini ruhusa hiyo imefungamana na sharti: ukimfungia mnyama, riziki yake na usalama wake vimekuwa juu ya shingo yako. Kila mtu akijua kisa cha mwanamke aliyemfungia paka hata akafa kwa njaa.

Tuje kwenye biashara. Wanavyuoni wetu hawakuliacha hata jambo la kuuza samaki aliye majini: akiwa ziwani au mtoni hauziki, kwa kuwa muuzaji hana uwezo wa kumkabidhi, akiwa katika kidimbwi kidogo aonekane na akamatike bila ya taabu, auzika. Basi tangi la dukani ni halali. Na juu ya aibu ya kitu kinachouzwa, Imamu Nawawi katika Minhaj ataja jambo ambalo twatamani kila muuza wanyama alijue. Muuzaji akishurutisha kuwa "simo katika aibu yoyote", sharti hilo lamwokoa kwa mnyama tu, na katika aibu ya ndani tu, nayo iwe ni ile asiyoijua. Ile aliyoijua akanyamaza haimwondokei. Waliona kwamba mnyama hula akiwa mzima na akiwa mgonjwa, na hali yake hubadilika, hivyo si insafu kumdai mwenye duka kuyajua yaliyomo tumboni mwake. Lakini alijualo, aliseme.

Hapa ndugu yetu huenda akafurahi, akadhani hukumu imempendelea. Asifanye haraka. Aibu ya samaki wake haikuwa ya ndani. Madoa aliyaona kwa macho yake, na ndiyo maana akamwambia mtoto achague mwingine. Mnunuzi aliyeijua aibu akaridhika nayo hana khiyari ya kurudisha. Kosa la muuzaji si kuwa na samaki mgonjwa; ni lile neno lake, "amechoka kwa safari tu". Yule mfanya biashara wa Madina ambaye nafaka yake ilikuwa na unyevu chini, hakulaumiwa kwa mvua, kwani mvua si yake. Alilaumiwa kwa kutouweka unyevu ule juu, watu wakauona. Huyu wa Kayole unyevu wake ulikuwa juu, naye akaufunika kwa ulimi.

Nasi hatupendi kumfanya muuzaji huyu kuwa jabari. Amnunuapo samaki kwa mfugaji, yeye pia huuziwa kwa maneno. Umeme ukikatika pampu ya hewa husimama. Maji ya mfereji Nairobi huja kwa zamu, na yakikosekana hununuliwa kwa mitungi; nayo yakija yana klorini, ambayo ni dawa kwetu na sumu kwa samaki asipoachiwa ikatoka. Samaki hutoa amonia kupitia mashavuni, na amonia hiyo yamchoma yeye mwenyewe mpaka wazaliwe ndani ya tangi bakteria wa kuigeuza, jambo lichukualo wiki kadhaa. Mwenye duka dogo, samaki wengi, maji machache: maradhi yatamfikia hata akiwa mcha Mungu.

Sasa twende kwenye kiini cha swali, nacho ni ile kauli ya mtoto. Kuna mtu aliyeingia kisimani akajaza maji khofu yake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Kwa nini basi huruma ya baba na mwanawe isiwe kama ile? Twaona tofauti moja, nayo ni kubwa. Yule mtu hakumlipa yeyote aliyemtia mbwa kiu. Huruma yake ilimfikia mbwa ikaishia hapo. Shilingi 200 za ndugu yetu zilipitia kwanza katika mkono wa muuzaji, na fedha haina alama ya huruma juu yake. Jioni, mwenye duka ahesabupo mauzo, haoni kuwa mtoto mmoja alisikitika. Aona kuwa samaki mgonjwa ameuzika kwa bei ya mzima. Kesho atakapofikiri kama atumie fedha kununua dawa, au atenge beseni la wagonjwa, au apunguze samaki katika tangi, hesabu ile ya jana itamjibu kabla hajamaliza kufikiri. Mahali pa yule mmoja aliyetolewa hutiwa mwingine, katika maji yale yale.

Tena ipo dhulma ya pili ambayo ndugu yetu hakuiuliza, na lazima tuitaje. Madoa yale meupe ni vidudu vilivyojichimbia katika ngozi ya samaki. Kila kimoja kikikomaa huanguka chini ya tangi, hujifungia, hugawanyika kikawa mamia, na hayo mamia huogelea yakitafuta samaki wa kuingia. Dawa huviua vikiwa vyaogelea tu. Vikiwa ndani ya ngozi haivifikii. Kwa hivyo kumtia mgonjwa pamoja na wazima bila ya kumtenga kwanza wiki 3 au 4 ni kuwapelekea wale wengine maradhi mlangoni. Wale samaki 4 hawakuwa na mkono katika biashara ya Kayole. Walikuwa amana ya ndugu yetu, nao wakafa kwa ajili ya huruma aliyopewa mwingine.

Je, twasema basi kwamba amwache afe? Wako watakaosema ndiyo, na wako watakaotwita wenye nyoyo ngumu. Sisi twasema kuna mlango wa tatu, ijapokuwa ni mwembamba. Mwambie muuzaji, kwa adabu na mbali na wateja wengine, kuwa samaki huyu ni mgonjwa na tangi zima limo khatarini. Akikubali kumtenga, umemsaidia samaki huyo na wenziwe wote. Ukiwa nyumbani una beseni la peke yake na dawa na elimu ya kuitumia, mwombe akupe bure, au kwa bei ya mgonjwa iliyotajwa wazi kuwa ni ya mgonjwa. Hapo hakuna ghushi, wala hesabu ya jioni haimdanganyi mtu. Akikataa yote, toka, nawe utatoka na uchungu. Uchungu huo hatuna dawa yake, na twaona aibu kuwapa wasomaji maneno matamu mahali pake. Lakini tusidhani kuwa jambo lililotuondolea uchungu ndilo lililomwondolea samaki.

Ama mtoto, hana la kulaumiwa. Alisema kweli kuwa samaki atakufa, na alisema kwa moyo ambao wengi wetu umetukauka. Ndugu yetu amwambie mambo yote kama yalivyokuwa, pamoja na lile la samaki 4, wala asimfiche kwa kuwa ni mdogo. Maneno ya kufunika ameshayasikia dukani.

Tangi lake sasa li tupu, naye ataka kujua alijaze lini. Kwa kuwa vidudu vile visipopata samaki hufa, naliache na maji yake na pampu yake ikizunguka muda wa mwezi mmoja, kwani Kayole kuna baridi na mambo yao huko huenda polepole. Kisha warudi dukani yeye na mwanawe siku moja bila ya fedha mfukoni, wawatazame samaki wote, wazima na wagonjwa, na wazungumze na mwenye duka.