Nauli Rahisi na Usingizi wa Rubani

Somo: Kumbukumbu la Torati 24:14-15, Yakobo 5:4



Wiki hii tujiulize swali ambalo si mara nyingi linafika madhabahuni. Mfanyakazi akilipwa kidogo, akachoka, kisha watu wakaumia, dhambi ni ya nani? Ya mwajiri anayelipa? Ya mfanyakazi aliyekubali? Ama ni ya sisi tunaofurahia bei?

Mnakumbuka Novemba 2022, marubani wa Kenya Airways walipogoma na maelfu ya abiria wakakwama. Maneno yalikuwa mengi, hata hapa nje baada ya ibada. "Kwani hawa watu wanataka nini, si wanalipwa vizuri?" Mimi sina nia ya kuamua kesi ile. Nilichoona ni kwamba tulihesabu hasara ya abiria na hasara ya kampuni, lakini kazi yenyewe hatukuiuliza ikoje. Basi hebu tuangalie mfano wa mbali kidogo, uliochunguzwa mpaka mwisho, ambapo hakuna aliye na ndugu upande huu au ule.

Kule Marekani kuna mashirika makubwa ya ndege, na kuna kampuni ndogo zinazotoa abiria kwenye miji midogo na kuwafikisha kwa ndege kubwa. Ni kama matatu ya kijijini inayokuleta steji kuu ndio upande basi la Nairobi. Tofauti ni kwamba kule matatu imepakwa rangi ya basi. Abiria ananunua tikiti yenye jina kubwa, kumbe rubani ameajiriwa na kampuni ndogo, zamani kwa mshahara mdogo. Miaka ile ya 2000, rubani msaidizi anayeanza kazi angeweza kupata kama dola 20,000 kwa mwaka, na juu yake kuna mkopo wa masomo ya urubani.

Tarehe 12 Februari 2009, usiku, ndege moja ya namna hiyo ilitoka Newark kwenda Buffalo. Tikiti zilikuwa na jina la Continental, lakini walioirusha ni wafanyakazi wa Colgan Air. Ilianguka juu ya nyumba ikikaribia kutua. Watu wote 49 waliokuwa ndani walikufa, na mtu mmoja ndani ya nyumba ile.

Rubani msaidizi alikuwa na miaka 24. Aliishi kwa wazazi wake karibu na Seattle, upande wa pili wa nchi, na kituo chake cha kazi kilikuwa Newark. Usiku uliotangulia alisafiri akiwa ameomba nafasi kwenye ndege za mizigo, ndio afike kazini. Alikuwa na mafua. Chombo kinachorekodi sauti kilimnasa akimwambia kapteni kwamba kama angesema ni mgonjwa akiwa kule, angelazimika kujilipia hoteli mpaka apone. Kapteni naye alikuwa amelala katika chumba cha wafanyakazi pale uwanjani.

Sasa sikilizeni uchunguzi ulisema nini. Bodi ilisema chanzo ni kosa la kapteni: ndege ilipopungua kasi ikatoa onyo, aliuvuta usukani badala ya kuusukuma mbele. Kuhusu uchovu, ilisema huenda uliwaathiri wote wawili, lakini haikuweza kupima ni kwa kiasi gani.

Hapo ndipo swali letu lilipo. Uchunguzi unatafuta mkono ulioshika usukani, na lazima uufanye hivyo. Lakini dhamiri ya mwamini haiwezi kusimama pale. Musa alipoagiza kibarua alipwe kabla jua halijatua, alitoa sababu: huyu ni maskini, na moyo wake uko kwenye ule ujira. Yakobo naye anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele yenyewe inafika masikioni mwa Bwana. Kwa hivyo mshahara una sauti. Mwenye nao akinyamaza, wenyewe unasema.

Utaniambia: hakuna aliyewazuilia kitu, si walitia sahihi mkataba? Ni kweli, walitia. Hata Yakobo mwana wa Isaka alikubaliana na Labani, na Labani akambadilishia ujira mara kumi. Mtu mwenye deni na ndoto ya kupanda cheo atatia sahihi karibu kila kitu. Kukubali kwake kunaweza kumwondolea mwajiri kesi mahakamani. Mbele za Mungu hakumwondolei swali.

Tuseme pia ukweli wa upande wa pili. Anayeingia kazini akijua hawezi, na roho za watu ziko mikononi mwake, ana lake la kujibu. Ugumu wa maisha unapunguza hatia, hauifuti. Lakini tukimlaumu yeye peke yake, tunakuwa tumemwadhibu aliyechoka na kumwacha aliyepanga uchovu.

Na uchovu huo unapangwa kwa njia nyingi ndogo. Mhudumu wa ndege Marekani, kwa desturi ya miaka mingi, saa yake ya malipo ilikuwa haianzi mpaka mlango ufungwe. Yule aliyekusaidia kuinua begi na kumtuliza mtoto wako anayelia, kwa hesabu ya kampuni alikuwa bado hajaanza kazi. Mwaka 2022 Delta ilianza kulipa muda huo wa kupandisha abiria, tena nusu ya kiwango, na hata hilo lilikuwa habari kubwa.

Mbona wasigome? Sheria ya huko, iliyotungwa 1926 kwa ajili ya reli na kuongezewa ndege 1936, hairuhusu mgomo wa madai ya mshahara mpaka wapatanishi wa serikali wawaachilie. Mazungumzo yanaweza kukokotwa miaka. Asiyeweza kugoma anafanya nini? Anaondoka. Ndiyo sababu baadaye kampuni ndogo zilikosa watu. Mwaka 2016 Republic Airways iliomba kinga ya kufilisika, ikitaja uhaba wa marubani. Kampuni zikalaumu sheria mpya iliyodai rubani awe na saa 1,500 za kuruka, sheria ambayo familia za wale waliokufa Buffalo ziliipigania. Chama cha marubani kikajibu kwamba kinachokosekana ni mshahara wa kuwavuta watu. Mwaka 2022, kampuni tatu ndogo zilizo chini ya American Airlines zilipandisha malipo ya marubani kwa kiasi kikubwa. Jiulize: pesa ile ilikuwa wapi siku zote?

Lakini kuna pingamizi ambalo siwezi kulipita juu juu. Mwaka huo huo SkyWest ilitoa notisi ya kuacha kuhudumia miji midogo 29, kwa kukosa marubani. Mishahara ikipanda, nauli inapanda, na mnyonge wa mji mdogo ndiye wa kwanza kuachwa. Je, huruma yetu kwa rubani si ukatili kwa abiria?

Jibu langu ni hili. Nauli ile haikuwahi kuwa rahisi. Kuna mtu alikuwa anailipia kwa usingizi wake, na usiku mmoja watu 50 wakamalizia deni. Wazee walisema rahisi ni ghali. Kama mji mdogo unahitaji ndege, basi mzigo wa kuileta ubebwe na wengi walio macho, usiwekwe juu ya kijana mmoja mwenye mafua.

Sisi tunaopanda matatu tuko ndani ya habari hii. Tunaomba safari ifunikwe kwa damu ya Yesu, na ni vizuri. Lakini dereva anayekimbiza hesabu ya mwenye gari tangu saa kumi alfajiri, nani amemuuliza kama amelala? Dada wa kazi anayelala wa mwisho na kuamka wa kwanza, tunamwita mvivu akisinzia. Hata soja wa geti, wapendwa, tumlipe tarehe tuliyokubaliana.

Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa, Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale, akamtumia mkate na maji, akamwacha alale tena, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Hivyo ndivyo Bwana mwema anavyomtendea mtumishi wake.

Basi wiki hii, kila mmoja amtafute mtu mmoja ambaye uchovu wake unampunguzia yeye gharama. Kwanza, umuulize hali yake na usikilize jibu. Pili, kama uwezo wa kurekebisha uko mkononi mwako, rekebisha kabla jua halijatua. Tatu, ukisikia wafanyakazi wanalalamika, usikimbilie kuuliza wanataka nini tena. Uliza kwanza nani amekuwa akilipa ile bei uliyoifurahia.

Mbarikiwe.