Wale Wasemao Kwamba Walichukuliwa Usiku

Kitabu cha Yobu, katika sura ya 4, chasimulia habari ya Elifazi wa Temani. Usiku mmoja, watu wengine wakiwa wamelala, Elifazi alishikwa na hofu kuu hata mwili wake wote ukatetemeka. Alihisi kitu kikipita karibu naye, akaona umbo asilolitambua, kisha akasikia sauti. Maandiko Matakatifu hayasemi kwamba Elifazi alidanganya. Hofu yake ilikuwa hofu ya kweli. Lakini aliitumia kwa kazi gani? Alikwenda nayo kwa rafiki yake aliyeketi majivuni, akaifanya kuwa msingi wa mashitaka, kwamba Yobu ateseka kwa kuwa ametenda dhambi. Na mwisho wa kitabu, katika sura ya 42, Mungu alimkemea Elifazi na wenzake, kwa sababu hawakusema yaliyo haki.

Basi, wakristu wapenzi, kuna mambo mawili yasiyopaswa kuchanganywa: hofu ya mtu, na maana inayopewa hofu hiyo. Jambo la kwanza laweza kuwa kweli kabisa, na la pili likawa kosa. Fundisho hili laonekana wazi katika habari za watu wasemao kwamba walichukuliwa usiku na viumbe wa sayari nyingine, wakaingizwa katika chombo cha angani, wakapimwa miili yao, kisha wakarudishwa.

I. HABARI YA MUME NA MKE WA MAREKANI

Habari ya namna hiyo iliyojulikana sana tangu mwanzo ni ile ya Barney Hill na mkewe Betty, wa mji wa Portsmouth, jimbo la New Hampshire. Barney, mtu mweusi, alifanya kazi katika posta. Betty, mwanamke mweupe, alikuwa mtumishi wa serikali katika kazi ya kuwasaidia wenye shida. Usiku wa tarehe 19 kuamkia 20 Septemba 1961 walikuwa wakirudi kwa motokari kutoka Kanada. Njiani, kati ya milima, waliona mwanga angani, wakadhani unawafuata. Barney alisimamisha motokari, akautazama kwa darubini, akaogopa sana, wakakimbia. Walifika nyumbani alfajiri. Baadaye walipohesabu saa waliona kwamba safari ilikuwa imechukua muda wa saa karibu mbili zaidi ya ilivyopasa.

Siku chache baada ya hayo Betty alisoma kitabu juu ya vyombo virukavyo angani. Kisha akaota, usiku baada ya usiku, kwamba yeye na mumewe waliingizwa ndani ya chombo na watu wageni wafupi. Aliziandika ndoto hizo, akazisimulia, na mumewe alikuwapo akisikia. Barney naye aliugua, amani ikamtoka. Mwaka 1964 daktari wa magonjwa ya akili wa mji wa Boston, Benjamin Simon, aliwatia wote wawili, kila mmoja peke yake, katika ule usingizi wa kufanyizwa uitwao hipnosi. Humo Barney alilia na kupiga kelele kwa hofu, akieleza mambo yaliyofanana na ndoto za mkewe. Mwaka 1966 habari yao ikatolewa katika kitabu, ikaenea duniani.

Je, daktari mwenyewe alionaje? Hakuwaita waongo. Aliikubali hofu yao, lakini alihukumu kwamba habari ya kuchukuliwa ilitoka katika ndoto za Betty, nayo ilimwingia Barney kwa kuzisikia. Tena si budi kukumbuka hali yao usiku ule: walikuwa wamechoka, walisafiri gizani bila kulala, nao walikuwa mume mweusi na mke mweupe katika nchi ambamo majimbo kadhaa yaliendelea kukataza ndoa kama yao mpaka mwaka 1967. Barney alikuwa na sababu nyingi za kuogopa njiani, hata kabla ya kuuona mwanga wowote.

II. JINAMIZI

Barney na Betty walikuwa macho, wakisafiri. Lakini wengi wa wale waliosimulia kuchukuliwa baada yao walikuwa kitandani. Wasema hivi: niliamka usiku, sikuweza kusogeza mkono wala mguu, nilihisi mtu chumbani, kifua kililemewa, nilisikia mvumo, nikaona vivuli karibu na kitanda, nikajiona naelea.

Waswahili wa tangu zamani walikuwa na jina la jambo hilo: jinamizi. Na wataalamu wa usingizi waeleza lilivyo. Usingizi wa mtu huenda kwa zamu, na kila baada ya muda wa saa moja na nusu hivi huja usingizi wa ndoto. Saa hiyo ubongo hufanya kazi karibu kama wa mtu aliye macho, na macho hucheza chini ya kope. Ndipo ubongo huilegeza misuli ya mikono na miguu, ili mwenye kuota kwamba anakimbia asiruke kitandani akaumia. Misuli ya macho na ile ya kuvuta pumzi huachwa huru. Ni ulinzi mwema wa Muumba.

Lakini pengine akili huamka kabla mwili haujafunguliwa. Mtu hufumbua macho, huona chumba chake, walakini viungo havimtii. Hujaribu kuvuta pumzi kwa nguvu, asiweze, akadhani kuna mzigo kifuani. Na kwa kuwa ndoto haijakwisha, picha zake huonekana katikati ya chumba halisi. Hali hiyo hudumu nukta chache au dakika chache, kisha hupita. Huwapata zaidi watu wasiolala vya kutosha, na wale walalao chali. Wataalamu waliokusanya chunguzi nyingi mwaka 2011 walikuta kwamba watu karibu 8 kati ya 100 wamepatwa na jambo hilo walau mara moja maishani. Basi si ugonjwa wa wenda wazimu, wala si alama ya dhambi.

Jambo la kustaajabisha ni hili: mwili ni mmoja duniani pote, lakini majina ya mgeni wa usiku ni mengi. Katika kisiwa cha Newfoundland, huko Kanada, walisema ni bibi kizee aketiye kifuani. Zanzibari na Pemba, mwaka 1995, walisema ni Popobawa. Katika vijiji vingi vya Afrika wasema ni mlozi, jirani mwenye kijicho. Na katika Marekani, nchi ya sinema za nyota na vyombo vya angani, wengi wamesema ni kiumbe wa sayari nyingine. Kila mtu huivika hofu yake nguo iliyo karibu.

III. MASWALI YAPANDAYO MBEGU

Sababu ya pili ni hatari kuliko ya kwanza, maana hutoka kwa msikilizaji. Mtu aliyepatwa na jinamizi hana habari ndefu; ana hofu tu na picha chache. Lakini huenda kwa mtu aliyekwisha kuamini jibu. Huyo humwuliza: Je, walikuwa wangapi? Walikupeleka wapi? Walikufanyia nini? Kila swali laleta kipande cha habari, na mwulizwaji hukipokea kama kumbukumbu yake mwenyewe. Katika hipnosi hatari hiyo huzidi, kwa sababu aliyetiwa humo hutamani kujibu, naye hushindwa kutenga aliyoyaona na aliyoyawaza.

Mtaalamu Elizabeth Loftus wa Marekani alionyesha mwaka 1995 jinsi jambo hili lilivyo jepesi. Watu 24 walipewa habari za utoto wao zilizotolewa na jamaa zao. Kati yake iliwekwa moja isiyo ya kweli, kwamba walipokuwa wadogo walipotea katika nyumba kubwa ya maduka. Robo yao hivi walisema waikumbuka, yote au sehemu. Hakuna aliyewalazimisha, wala hawakutaka kudanganya.

Tena machozi si ushahidi wa kutosha. Katika chuo kikuu cha Harvard, Richard McNally na wenzake walitoa mwaka 2004 uchunguzi juu ya kikundi kidogo cha watu 10 walioamini kwamba waliwahi kuchukuliwa. Waliposikilizishwa habari zao wenyewe, mioyo yao ilipiga mbio na mikono yao ikatoka jasho, kwa kadiri ile ya watu waliopatwa kweli na mabaya makubwa. Kwa hiyo mtu aweza kutetemeka kwa moyo mnyofu mbele ya jambo lisilotukia.

IV. EKLEZIA YAFUNDISHA NINI

Mtu atauliza: Je, mkristu amekatazwa kuwaza kwamba Mungu aliumba viumbe wengine katika nyota? La. Mwaka 1277 Askofu wa Paris, Étienne Tempier, alikataza kufundisha kwamba Mungu hawezi kuumba dunia nyingi. Na mwaka 2008 Padri José Gabriel Funes, Myezuiti, aliyekuwa mkuu wa nyumba ya kuchunguzia nyota ya Vatikano, alisema kwamba kukubali kuwapo kwa viumbe hao hakupingani na imani. Lakini uwezo wa Mungu ni jambo moja, na ushuhuda wa mtu juu ya usiku fulani ni jambo lingine. Huu wa pili wapaswa kupimwa, kama Mtakatifu Yoane alivyowaagiza wakristu kuzipima roho.

Eklezia ilijua tangu zamani namna ya kupima. Karibu mwaka 906 Regino, aliyekuwa Abate wa Prüm, aliandika kanuni juu ya wanawake walioamini kwamba usiku walipanda wanyama na kusafiri mbali pamoja na Diana, mungu wa wapagani. Kanuni haikukana kwamba Shetani aweza kuidanganya akili ya mtu. Lakini iliwaamuru mapadri wahubiri kwamba safari hizo si za mwili, na kwamba kila mtu huona katika ndoto mambo mengi asiyoyaona akiwa macho. Ole wao waliosahau maneno hayo! Karne zilizofuata, katika Ulaya, ndoto na maungamo ya kulazimishwa vilihesabiwa kuwa ushahidi, na makumi ya maelfu ya watu waliuawa kwa kushitakiwa uchawi. Na leo Katekisimu ya Eklezia Katoliki, katika namba 1673, yaagiza kwamba kabla ya kumfukuza pepo ni lazima kuhakikisha kwamba si ugonjwa, maana ugonjwa ni kazi ya waganga.

V. HATARI ILIYO MLANGONI

Msomaji asiseme: Hayo ni mambo ya Marekani, hayanihusu. Yule anayeshitaki kiumbe wa nyota hamdhuru jirani, maana kiumbe huyo hana nyumba kijijini. Lakini pale hofu ya usiku inapovikwa uso wa mtu aliye karibu, damu yaweza kumwagika. Zanzibari, mwaka 1995, wakati wa hofu ya Popobawa, mgonjwa wa akili asiye na kosa aliuawa na kundi la watu.

Na katika Kongo? Tangu miaka ya 1990, Kinshasa na katika miji mingine, watoto wengi wameshitakiwa ulozi. Wengine walifungishwa chakula na kuulizwa usiku na mchana, mpaka wakasema kwamba waliruka usiku kwa ndege isiyoonekana na kula nyama ya watu. Ni njia ile ile: ndoto, hofu, maswali yapandayo mbegu, kisha maungamo. Kisha mtoto hufukuzwa, hulala barabarani. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumshitaki mtoto ulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 yamwadhibu afanyaye hivyo. Lakini kabla ya sheria za nchi ilikuwapo amri ya nane ya Mungu, nayo yakataza kumshuhudia jirani uwongo.

VI. YAPASAYO KUTENDWA

Mzee Heli na awe mfano. Mtoto Samweli alimjia usiku mara tatu, akisema ameitwa. Heli hakumwita mwongo, wala hakumtisha. Hakumwuliza kama ni fulani aliyemwita. Mara mbili alimrudisha alale. Mara ya tatu alimfundisha kusikiliza. Asubuhi alimwomba aseme yote bila kuficha, akanyamaza, akayapokea hata yaliyomchoma yeye mwenyewe.

Vivyo hivyo mzazi, mwalimu na katekista. Mtu akija akisema kwamba usiku alishikwa au alichukuliwa, kwanza asikilizwe kwa upole, wala asichekwe. Pili, aulizwe swali moja tu: Ilikuwaje? Na majina yasitoke kinywani mwa mwulizaji. Tatu, aelezwe habari ya jinamizi, ashauriwe kulala mapema na kulala ubavu. Na hofu ikizidi, apelekwe kwa mganga wa hospitali. Nne, asali kabla ya kulala, ajiweke mikononi mwa Baba. Tano, jina la jirani lisitajwe kamwe kwa sababu ya ndoto.

Ee Bwana Yezu Kristu, uliyelala chomboni wakati wa dhoruba, uwatulize wote waamkao usiku kwa hofu. Utupe masikio ya Heli, utuepushe na ulimi wa Elifazi. Uwarudishe nyumbani watoto waliofukuzwa kwa ajili ya ndoto za watu wazima. Amina.