Deni la Binti ni la Nani?

Katika darsa yetu ya hapa Rhamu lilizuka suala ambalo, kila tulipozidi kulijadili, ndipo lilipozidi kutukaa moyoni. Na kwa sababu hiyo tumeona ni wajibu tuliweke mbele ya wasomaji wetu. Chanzo chake kilikuwa kitabu. Binti mmoja alionekana na riwaya ya Utengano, ya Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar, iliyotoka mwaka 1980 na iliyowahi kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya. Mzee wetu mmoja akauliza: Je, yafaa binti wa Kiislamu asome khabari za msichana aliyetoroka kwao akafika mjini, akaanguka katika ulevi na katika kuuza mwili wake kwa ajili ya fedha?

Suala la mzee si la kudharauliwa. Si yeye wa kwanza kuliuliza. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania kwa khofu kama hiyo. Walakini marufuku huzuia kitabu. Haizuii jambo lililo ndani ya kitabu. Mabinti wangapi hawakupata kusoma riwaya hata moja maishani mwao, na dhiki ya fedha ikawakuta mjini vile vile?

Basi na tukitazame kitabu chenyewe kabla ya kukihukumu. Maimuna ni binti wa Bwana Maksuudi, mtu mwenye mali na mwenye jina. Baba huyu amemfungia bintiye ndani. Nje hatoki, na elimu ya kumsaidia duniani hana. Siku mama yake aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, binti akatoka kwenda kutafuta mkunga, na kutoka huko kukawa ndiko kosa lake. Ghadhabu ya baba ikaivunja nyumba. Maimuna akakimbia, akaangukia mikononi mwa watu wasiomtakia kheri, na mji ukamla. Hana kazi aijuayo, hana mali yake, hana wa kumwendea. Kitu pekee ambacho mji ulikuwa tayari kukinunua kwake kilikuwa nafsi yake.

Aghlabu ya wasomaji huishia hapo, wakasema: tazama mwisho wa mtoto asiyetii. Lakini mwandishi hakuishia hapo. Ametuonyesha kwamba Maksuudi alikwisha kumdhulumu mwanamke mwingine kabla ya hayo: alimwoa Mwanasururu na akamnyang'anya mali yake. Farashuu, mama wa mwanamke huyo, ndiye aliyelipiza kisasi, na kisasi kikapitia kwa Maimuna. Maana yake ni kuwa mzizi wa maangamizi ya binti haukuwa katika mguu wake uliovuka kizingiti. Ulikuwa katika sanduku la baba yake, mlimokuwa na haki ya mwanamke mwingine. Baba alimlinda bintiye kwa kufuli, na huku yeye mwenyewe ndiye mlango uliopitisha balaa.

Mimi ninayeandika haya nilipofika hapo katika kitabu nilikifunga, kwani nilijiona mwenyewe. Na kwa kuwa si haki kuwaonya watu kwa makosa ya Maksuudi nikaficha yangu, nitaeleza.

Baba yetu alipofariki alituacha mama, ndugu wawili wanaume, na dada yetu mmoja. Aliacha mbuzi themanini. Hesabu yake yajulikana kwa kila aliyekaa katika darsa ya mirathi: mama apate thumni, yaani mbuzi kumi, sabini waliobaki wagawanywe mafungu matano, kila mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja. Dada yetu haki yake ilikuwa mbuzi kumi na wanne. Hesabu hiyo tuliijua, na wala hapana aliyeikana. Tulisema tu kwamba mbuzi wasitenganishwe, malisho ni mamoja, mchungaji ni mmoja, na yeye ni binti, kesho ataolewa aende kwa watu, tutamwekea. Yeye alinyamaza, nasi tukakuhesabu kunyamaza kwake kuwa ni ridhaa.

Kisha ukaja ule ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020, mvua tano zikapita mfululizo bila ya kutosha, na katika wilaya zetu zote za kaskazini mizoga ikajaa njiani. Kabla ya hapo mimi na ndugu yangu tulikwisha kuuza baadhi ya mbuzi kwa haja zetu: mimi nilinunua mashine ya kuvutia maji ya Daua kwa ajili ya shamba la vitunguu, naye alilipa mahari. Waliobaki walikufa. Dada yetu wakati huo alikuwa Nairobi, mtaa wa Eastleigh, akiuza nguo katika duka la watu. Kodi ya chumba ikampita, akakopa kwa simu. Akakopa kwingine ili alipe kule. Wakaanza kumpigia usiku na mchana. Aliponiomba msaada sikumpa fedha. Nilimpa waadhi. Nilimweleza ubaya wa deni na ubaya wa riba, na kila neno nililolisema lilikuwa kweli.

Deni lake lote halikuzidi thamani ya mbuzi wawili.

Sasa na tuulize kama waulizavyo watu wa elimu: je, mbuzi wa dada yetu waliokufa kwa ukame ni khasara ya nani? Wanazuoni wetu hutofautisha mkono wa amana na mkono wa dhamana. Aliyewekewa kitu kwa ridhaa ya mwenyewe, akakitunza kama inavyopasa, kisha kikapotea bila ya uzembe wake, halipi. Ama aliyekishika kitu cha mtu bila ya ridhaa yake, huyo hudhamini; kikifa kwa ukame, kimekufa juu yake. Basi jambo zima limesimama juu ya neno moja: je, tuliombwa tuwatunze, au tuliwazuia? Nami nikijihukumu bila ya kujipendelea, naona hatukumwuliza. Hatukumwonyesha mbuzi wake tukamwambia: hawa ndio, wachukue au waache. Kunyamaza kwa mtu asiyepewa khiari hakuwezi kuitwa ridhaa. Na hata nikijitetea kwa wale waliokufa, nitasema nini juu ya wale tuliowauza? Mashine yangu ya maji imo shambani mpaka leo, na ndani yake mna haki yake.

Hapo ndipo suala lilipogeuka kwangu. Nilikuwa nikimwona dada yangu kuwa mdaiwa, kumbe ni mdai. Alidaiwa na mgeni fedha kidogo, naye alikuwa akiwadai ndugu zake fedha nyingi. Na kwa kuwa deni la mgeni lina simu inayolia, na deni la ndugu halina sauti, sote tulilisikia la kwanza tukawa viziwi wa la pili.

Yamkini msomaji atasema: Je, huku si kumwondolea binti dhamana yake? Wako wanaokopa ili wavae na waonekane. Ni kweli, wako. Na deni ni jambo zito katika dini yetu. Imepokewa kwamba aliletwa maiti ili Mtume, rehema na amani zimshukie, amswalie, naye alipojua kuwa ana deni la dinari mbili hakutaka kumswalia, mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Sisi hulisimulia sana jambo hili ili kuwatisha wanaokopa. Mbona hatumtazami Abu Qatada? Katika mkutano ule alisimama mtu mmoja, tena si mrithi, akasema deni hili ni langu. Uzito wa deni haukumtoa mdaiwa katika jamaa. Uliwaita jamaa wamwendee. Na ikiwa mtu asiyedaiwa kitu alisimama, basi ndugu aliyeshika haki ya dada yake atakaaje?

Na mtego wenyewe ni mkubwa kuliko tunavyodhani. Mikopo ya simu ilienea nchini tangu M-Shwari ilipoanzishwa mwezi wa Novemba 2012. Wakati huo aliyekopa shilingi 10,000 alirudisha 10,750 baada ya siku 30. Watu huona ni kidogo. Lakini asiyekuwa na akiba hulipa leo akakopa tena kesho. Akifanya hivyo mwaka mzima atakuwa ametoa 9,000, na zile 10,000 bado zadaiwa. Baadaye walitokea wakopeshaji wengine waliowapigia jamaa na marafiki wa mdaiwa ili kumwaibisha, hata ikabidi sheria ibadilishwe mwaka 2021, na kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zikakataza vitisho na kuaibisha kwa namna hiyo. Sheria ni jambo jema. Lakini binti mwenye mbuzi kumi na wanne kwao hakuhitaji sheria ya kumwokoa na mkopeshaji. Alihitaji mbuzi wake.

Basi tufanye nini? La kwanza, mirathi igawanywe mapema, kila mtu aonyeshwe fungu lake mbele ya mashahidi, na jambo liandikwe. Akitaka kuwaachia nduguze awatunze, na aseme kwa kinywa chake. La pili, mahari ni mali ya mwanamke mwenyewe. Wala si ya baba, wala si ya kaka, wala si ya kuandikwa kwenye karatasi tu ili isomwe siku ya harusi. La tatu, Katiba ya mwaka 2010 imeithibitisha Mahakama ya Kadhi katika mambo ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Anayedai haki yake huko asiambiwe kuwa amewavunjia heshima jamaa zake. Aliyewavunjia heshima ni yule aliyemlazimisha afike huko. La nne, wanawake wetu wana desturi yao ya hagbadi, kila mmoja hutoa kidogo na mmoja hupokea kwa zamu, bila ya riba hata senti moja. Lau sisi wanaume tungeiga katika misikiti yetu, tukaweka fungu la mkopo mwema, vijana wangapi wangesalimika?

Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah huko Mombasa mwaka 1932, alihimiza wasichana wafunzwe, ilhali wengi wa zama zake walikuwa wakifikiri kwamba kufuli yatosha. Twamkumbuka hapa kwa kuwa elimu nayo ni haki inayozuiwa, na binti aliyezuiwa elimu huenda mjini mikono mitupu kama aliyezuiwa mali.

Namrudia mzee wetu na suala lake. Naona binti na asome kitabu kile, pamoja na mwalimu wa kumwongoza. Lakini yafaa kwanza kisomwe na baba yake na kaka zake, kwani khabari zilizomo ni zao kuliko zake. Mzee aliponisikia hakunijibu. Alikichukua kitabu akaenda nacho nyumbani, na wiki iliyofuata aliuliza kama mahari ya bintiye mkubwa, aliyoipokea yeye miaka mingi nyuma, bado yadaiwa. Tulimwambia, naam, yadaiwa.

Nami nimepatana na dada yangu kwa hesabu ya mbuzi kumi na wanne, si mmoja pungufu. Mpaka sasa nimelipa sita. Wanane bado wamo shingoni mwangu, na wasomaji wa ukurasa huu ni mashahidi wangu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuwezeshe kurudisha haki za watu kabla hazijaja kudaiwa mahali pasipo na mbuzi wala shilingi.