Mbachao kwa Msala Upitao

Mkusanyaji wa filamu katika funzo hili nimemtunga. Tumweke California, mtu wa makamo aliyeipenda Star Wars tangu ujana wake. Lakini alilolifanya lilifanywa na wengi, na filamu, diski na miaka nitakayoitaja ni ya kweli.

Mwaka 1993 alijinyima akanunua kasha la LaserDisc lililoitwa The Definitive Collection. Ndani yake zilikuwamo filamu tatu, ile ya 1977, ya 1980 na ya 1983, katika diski tisa zenye upana wa sentimita 30 kila moja. Bei yake ilikaribia dola 250. Diski za aina hiyo zilibeba nusu saa tu kila upande, kwa hiyo filamu moja ilimtaka ainuke mara kadhaa kugeuza au kubadilisha. Hakujali. Kanda ya VHS ilimpa takriban mistari 240 ya picha, LaserDisc ikampa zaidi ya 400. Tena kanda nyingi za siku zile zilikata pande mbili za picha ili ijae kwenye runinga zilizokaribia umbo la mraba, na kwa filamu pana kama hizi kilichopotea kilizidi theluthi ya picha. Katika kasha lake picha ilikuwa nzima.

Mwaka 1997 George Lucas, mtunzi wa filamu hizo, alizirudisha sinemani baada ya kuzifanyia mabadiliko, na Septemba 2004 zikatoka kwenye DVD. Mkusanyaji wetu akalinganisha kama magazeti ya vifaa yalivyomfundisha kulinganisha. DVD ina mistari mingi kuliko LaserDisc. Haikwaruzwi na deki kama kanda. Filamu nzima inaenea kwenye diski moja, na kasha zima linakaa pembeni mwa kabati bila kumbana mtu. Kila jibu alilolipata lilikuwa sahihi. Akauza diski zake tisa kwa bei ya kutupa, kanda akazigawa. Wahenga walikwisha kumkanya mtu wa namna hii: usiache mbachao kwa msala upitao.

Kisha akaketi kutazama. Katika filamu ya 1977 Han Solo ndiye peke yake aliyefyatua risasi pale mezani alipokabiliana na Greedo. Sasa Greedo naye anafyatua. Jabba, mhusika ambaye hakuonekana kabisa katika filamu ya kwanza, anatembea ndani yake. Mwishoni mwa ya tatu, roho ya mhusika Anakin ilikuwa na uso wa Sebastian Shaw, mwigizaji mkongwe aliyefariki mwaka 1994. Uso huo umeondolewa, na mahali pake amewekwa Hayden Christensen, ambaye filamu ilipotoka mwaka 1983 alikuwa na umri wa miaka miwili. Picha ni safi kuliko alivyowahi kuiona. Filamu aliyoipenda haimo.

Msanii ana haki ya kuirudia kazi yake, na Lucas aliitumia haki hiyo. Linaloniuma ni kwamba toleo la awali liliondolewa sokoni wakati jipya linaingia. Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza Star Wars mwaka 1989 katika kundi la kwanza la filamu 25 za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa. Mwaka mmoja kabla ya hapo Lucas mwenyewe alikuwa amefika mbele ya Bunge hilo kuzitetea filamu za zamani dhidi ya wanaozibadilisha. Mtazamaji wa kawaida anayetaka kuona kilichowasisimua watu mwaka 1977 alistahili kukipata dukani bila kuhangaika.

Mwaka 2006 matoleo ya awali yalitolewa kwenye DVD kama diski za nyongeza, na mkusanyaji wetu alikimbilia kununua. Hazikuwa zimetengenezwa upya kutoka kwenye filamu. Zilinakiliwa kutoka kwenye kanda mama za LaserDisc ya 1993, bila hata kurekebishwa kwa ajili ya runinga pana, kwa hiyo picha ilikaa katikati ya kioo, ndogo, imezungukwa na weusi pande zote nne. Alikuwa anakinunua tena kile alichokiuza. Ikaja Blu-ray mwaka 2011, yenye pikseli 1920 kwa 1080, na 4K mwaka 2020, yenye mara nne ya hizo. Seti zote mbili zina matoleo yaliyobadilishwa.

Kosa lake halikuwa kupenda picha safi. Aliuliza chombo kinabeba mistari mingapi, akasahau kuuliza kimebeba nini. Mwenye kukusanya mfululizo wowote wa zamani, uwe wa Godzilla au wa James Bond, aulize mawili hayo pamoja, na la pili aliulize kwa undani: toleo gani, lenye urefu wa dakika ngapi, sauti ni ya awali au imechanganywa upya, picha imekatwa au ni nzima. Nakala mpya ikishafika, iangaliwe mwanzo hadi mwisho kabla ya ya zamani kutoka nyumbani.

Kwetu Afrika Mashariki kuna mitego mingine. DVD imegawanywa kwa kanda za dunia: Marekani ni 1, nchi zetu ni 5, na deki isiyofunguliwa kwa kanda zote huikataa diski ya mgeni. Blu-ray inatuweka katika kanda B pamoja na Ulaya, ilhali diski za 4K hazina mipaka hiyo. Tena sisi tulirithi mfumo wa PAL, unaoonyesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24 za sinema. Filamu ya dakika 121 humalizika kwa dakika 116 hivi, na sauti za waigizaji hupanda kidogo. Anayepima kwa dakika asidhani amekatiwa kipande.

Vya zamani navyo havingoji. Kanda za VHS katika unyevu wa pwani huota ukungu, na ukungu wa kanda moja huhamia kwenye deki na kuingia kwenye nyingine. Zihifadhiwe pakavu, zimesimamishwa wima, zikiwa zimerudishwa mwanzo. LaserDisc zilizogundishwa vibaya huingiza hewa, aluminiamu ya ndani ikaharibika, na madoadoa yakaanza kuruka kwenye picha. Mashine nazo zinaisha. Pioneer ilitangaza mwaka 2009 kwamba inaacha kutengeneza deki za LaserDisc, na Funai ya Japani ikasimamisha deki za VHS mwaka 2016. Kwa hiyo anayetaka leo kulitafuta kasha la 1993 kwa wauza mitumba aanze na deki: aione ikiwaka, aione ikizungusha diski, ajue fundi wa kuitengeneza yuko wapi. Kisha ndipo alipe pesa za kasha.