Umemhamisha Mwanao: Je, Faradhi Imekutoka?

 

Ndugu msomaji, kila muhula unapoanza hapa Uganda wazazi hurudia hesabu ile ile. Shule ya serikali iko karibu na nyumbani, na tangu mwaka 1997, chini ya mpango wa UPE, elimu ya msingi humo hailipiwi karo. Hata hivyo mwenye duka dogo, mwendesha boda boda, hata mwalimu anayefundisha katika shule hiyo hiyo ya serikali, hukopa pesa ili mwanawe asome shule ya binafsi. Mara nyingi tunabishana kama shule ya binafsi ni bora. Mimi nataka tuulize swali jingine: mzazi Mwislamu akishamhamisha mwanawe, je, watoto waliobaki kule alikomtoa bado wana haki juu yake?

Tumtendee haki mzazi

Wapo wanaolipa kwa ajili ya sare nzuri na basi la shule linalosimama mlangoni majirani wakitazama. Lakini tukisema wazazi wote wanatafuta sifa, tutakuwa tumewadhulumu. UPE ilipoanza, wanafunzi wa shule za msingi walipanda kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 kwa muda wa mwaka mmoja. Hiyo ilikuwa neema, kwa kuwa watoto waliokuwa wakikaa nyumbani kwa kukosa karo waliingia darasani. Ila walimu, madawati na vyumba havikuongezeka kwa kasi hiyo. Mzazi anapoona mwanawe amebanwa katika darasa ambalo mwalimu hawezi kusahihisha daftari zote, hofu yake ni ya kweli.

Kuna suala la lugha. Mtihani wa kumaliza darasa la saba, PLE, hufanywa kwa Kiingereza, na shule nyingi za binafsi huanza na Kiingereza tangu chekechea, ilhali shule nyingi za serikali vijijini huanza na lugha ya nyumbani. Kuna suala la chakula pia. Sheria ya elimu ya mwaka 2008 imeacha jukumu la kumlisha mtoto mikononi mwa mzazi. Asiyeweza kuchangia posho na maharagwe, mwanawe hukaa darasani hadi jioni na njaa.

Kwetu Waislamu kuna jambo la tatu, zito zaidi. Wakati wa ukoloni shule nyingi zilikuwa za misheni, na baba zetu walihofia kwamba mtoto angeingia akiitwa Abdallah na kutoka akiitwa jina jingine. Wengi waliwaweka watoto nyumbani. Ndiyo sababu vizazi vyetu viliingia katika uchinjaji, udereva na biashara ndogo ndogo, wakati wenzetu wakiingia ofisini. Wazee waliounda Jumuiya ya Elimu ya Waislamu wa Uganda, akiwemo Mwanamfalme Badru Kakungulu, walijenga shule ili mtoto asilazimike kuchagua kati ya kalamu na imani yake. Kibuli ni tunda la kazi hiyo. Hofu ile haijaisha. Ndani ya PLE, katika karatasi ya maarifa ya jamii, mtahiniwa huachiwa achague maswali ya dini ya Kiislamu au ya Kikristo. Mtoto wa Kiislamu katika shule isiyo na mwalimu wa dini yake, atachagua nini?

Kwa hiyo simlaumu anayehamisha. Mtoto ni amana, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Hakuna aya wala hadithi inayomtaka baba amwache mwanawe katika shule dhaifu ili tu awe sawa na mtoto wa jirani.

Faradhi ya pili

Tatizo linaanza pale tunapodhani kwamba risiti ya karo imemaliza deni lote. Katika fiqhi tunajifunza faradhi ya aina mbili: faradhi ya kila mtu binafsi, kama sala tano, na faradhi kifaya, inayoudai umma wote mpaka wapatikane wa kutosha kuitekeleza. Mfano tunaofundishwa sote ni jeneza. Ukimzika baba yako vizuri, na upande wa pili wa mtaa kuna maiti ya mgeni asiye na wa kumwosha, kaburi la baba yako halikuondolei dhambi. Kama hakuna aliyesimama, wote walioweza wamekosa.

Imam Al-Ghazali (r.a.), aliyefariki mwaka 505 Hijria, aliihesabu tiba na hata hesabu kuwa miongoni mwa faradhi kifaya, kwa sababu mji hauwezi kusimama bila hizo. Akawalaumu wanazuoni wa zama zake waliosongamana katika mijadala ya fiqhi yenye kuleta vyeo, huku miji mingine ikiwa haina tabibu Mwislamu. Tukipima kwa kipimo hicho, mtoto wa jirani kufika darasa la saba bila kuweza kusoma ukurasa mmoja ni jambo la umma wote. Mwanao kupata alama za juu hakulifuti.

Atakayeondoka kwanza

Mwanauchumi Albert Hirschman, katika kitabu chake cha mwaka 1970, alieleza jambo ambalo mtu yeyote wa kijijini kwetu angelitambua. Shule inapoanza kushuka, wa kwanza kuondoka ni wazazi wanaojali ubora kuliko wengine. Hao ndio ambao wangeuliza kwa nini mwalimu hajafika, wangehudhuria kikao, wangeandika barua kwa afisa elimu. Wakiondoka, wanaobaki ni mama muuza ndizi asiye na nafasi ya kikao na bibi anayelea wajukuu. Shule inapoteza mwanafunzi mmoja na mtetezi mmoja kwa siku moja, na mwakani inakuwa dhaifu zaidi, na mzazi mwingine anapata sababu ya kuhama.

Utasema: "Hiyo ni kazi ya serikali, nami nalipa kodi." Ni kweli kwamba serikali itaulizwa mbele ya Allah na mbele ya wananchi. Lakini faradhi kifaya haishuki kwa kuwa fulani ameajiriwa kuitekeleza, inashuka ikitekelezwa. Tena shule nyingi za serikali zilizoanzishwa na Waislamu bado zina viti vya waanzilishi katika kamati ya usimamizi. Mara ngapi kiti hicho hukaliwa na mtu asiyefika kikaoni, kwa kuwa watoto wake wote wako bweni kwingine?

Utasema pia: "Sisi tumejenga shule zetu za Kiislamu." Alhamdulillah, nami ninajivunia. Ila tutazame bei yake. Shule nyingi kati ya hizo zinamhifadhi vizuri mtoto ambaye baba yake ana uwezo. Mtoto wa Mwislamu fukara, ambaye ndiye aliyekuwa hatarini tangu mwanzo, tumemwacha UPE bila mwalimu wa dini. Wazee walijenga kwa ajili ya aliyeachwa nje. Sisi tunaweza kujenga shule nzuri zaidi, na yeye akabaki nje vilevile.

Ukuta wa mayatima

Katika Suratul Kahf, Nabii Musa (a.s.) na Khidhri walifika katika mji, wakaomba chakula, wakanyimwa. Hata hivyo Khidhri aliusimamisha ukuta uliotaka kuanguka, kwa sababu chini yake kulikuwa na hazina ya mayatima wawili. Hawakuwa watoto wake, mji haukuwa wake, na watu wake hawakumpa hata tonge. Ukuta wa hazina ya watoto ulikuwa unaanguka, na yeye alikuwa na mikono.

Umma wetu uliwahi kuligeuza somo hilo kuwa majengo. Mjini Cairo bado zimesimama sabili za kale: chini maji ya bure kwa wapita njia, juu chuo cha Qur'ani cha mayatima na watoto wa maskini, vyote vikiendeshwa kwa wakfu.

Sisi wanafunzi hatuna mali ya wakfu, lakini tuna mikono. Shule za UPE ziko umbali wa kutembea kutoka vyuoni kwetu. Jumuiya inaweza kukubaliana na mwalimu mkuu, ikapeleka wanafunzi wawili kila wiki wafundishe dini ya Kiislamu kwa watoto wa darasa la sita na la saba. Kesho tukiwa wazazi wenye mishahara, anayelipa karo ya mwanawe na aongeze kidogo kwa ajili ya uji wa shule aliyomtoa. Anayeweza kuongea na aombe kiti katika kamati ya shule ambayo mwanawe hasomi. Mchague mwanao shule iliyo bora, hiyo ni haki yako. Ila ukishampeleka, rudi na upande wa pili ukauangalie ukuta.

Ewe Mola wetu, wape watoto wetu na watoto wa majirani zetu elimu yenye manufaa, wala usitujaalie kuwa miongoni mwa wanaojiokoa peke yao. Amin. Wallahu a'lam.