Mume Aliye Machimboni na Mke Aliye Nyumbani

Maneno ya kutafakari: 5 Mose 24:5 na 1 Wakorintho 7:3–5



Mwezi huu twataka kusema nanyi habari za ndoa, hasa ndoa za nchi yetu ya Chunya, ambako mume huondoka akafuata dhahabu, na mke hubaki na watoto na jembe.

Katika torati ya Musa mna amri moja ndogo ambayo wengi huipita bila kuitazama. Mtu aliyeoa karibuni hakupelekwa vitani, wala hakutwikwa kazi yo yote ya watu wote. Alikaa nyumbani mwaka mzima apate kumfurahisha mkewe. Fikirini, ndugu. Vita vya Israeli vilikuwa jambo kubwa, na askari walihitajiwa. Lakini Mungu aliipa nyumba mpya haki kuliko jeshi. Kwa nini? Kwa sababu furaha ya ndoa haioti yenyewe kama majani ya masika. Hupandwa, hupaliliwa, nayo yataka muda.

Wazee wetu walijua jaribu hili. Dhahabu ya Lupa ilipojulikana katika miaka ya 1920, watu walianza kuja, na katika miaka ya 1930 walimiminika kwa maelfu. Vijana wengi wa Unyakyusa walikwenda huko kutafuta fedha za ng'ombe za mahari. Hili lilikuwa jambo la ajabu: fedha ya kuanzishia nyumba ilitoka mahali palipomzoesha mwanamume kukaa mbali na nyumba. Mgodi mkubwa wa Saza ulifungwa mwaka wa 1956, lakini wachimbaji wadogo wangali wakishuka katika maduara, na jaribu ni lile lile.

Hatusemi kwamba kutafuta dhahabu ni dhambi. Mume amepewa kazi ya kulisha nyumba yake. Lakini mambo matatu yatunzwe, ili anayelisha nyumba asije akaibomoa.

La kwanza ni mapatano. Mtume Paulo awafundisha mume na mke wasinyimane, isipokuwa wamepatana, tena kwa muda, kisha warudiane. Shikeni maneno haya matatu: kupatana, muda, kurudi. Mume asiondoke alfajiri, mke akaja kupata habari kwa jirani. Na aseme aendako, atakaokaa nao, na mwezi atakaorudi. Siku zikizidi, na apeleke neno. Simu zimejaa hata machimboni, wala hakuna udhuru wa kunyamaza. Mwezi mmoja ukigeuka kuwa mwaka, mara nyingi nyumba ya pili huzaliwa huko, na ile ya kwanza hubaki na jina tu. Ndipo huja magomvi, na magonjwa, na watoto wasiomjua baba yao.

La pili ni ukweli katika mali. Dhahabu ni kitu kinachofichika. Kipande kidogo chaweza kukaa katika pindo la nguo, na mke asijue. Tena mapato ya mchimbaji hayana kipimo: leo amepata, kesho hana hata nauli. Mke aweza kuvumilia njaa iliyowapata wote wawili. Lakini akisikia sokoni kwamba mumewe alipata akala na wengine, jeraha hilo haliponi upesi. Mke naye akiuza mahindi au tumbaku asifiche, maana siri ya mmoja humfundisha mwenzake siri.

Katika jambo hili tumtazame Martin Luther. Alimwoa Katharina von Bora tarehe 13 Juni 1525, naye alikuwa na umri wa miaka 41, mkewe miaka 26. Walipata watoto sita, wakazika mabinti wawili. Luther hakuwa hodari wa fedha, naye alilijua hilo. Basi mashamba, mifugo na malazi ya wanafunzi aliyasimamia Katharina. Mwaka wa 1542 Luther aliandika wasia wa kumpa mkewe mali na amri ya nyumba, asiwekwe chini ya wasimamizi wengine. Na alipokuwa safarini Eisleben mwaka wa 1546, mgonjwa na karibu kufa, alimwandikia barua mara kwa mara, akimtuliza asisumbuke kwa ajili yake. Ndoa yao ilidumu miaka 20, mpaka kifo kilipowatenga. Msingi wake haukuwa fedha nyingi, ulikuwa kuaminiana.

La tatu ni ulimi na mkono. Wako wanaosema kwamba kumpiga mke ni desturi. Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 1971 yakataa waziwazi: hakuna desturi inayompa mume au mke haki ya kumwadhibu mwenzake kwa mapigo. Nasi Wakristo tulifundishwa zamani zaidi, katika Waefeso sura ya 5, kwamba mume ampende mkewe kama mwili wake mwenyewe. Nani aupigaye mwili wake? Kwa hiyo mtu asimrudishe mwanamke aliyepigwa katika hatari kwa kumwambia tu avumilie. Kwanza alindwe; kisha mpigaji aonywe na kutubu kwa matendo.

Sasa neno kwenu, wainjilisti na wazee wa sharika. Sheria yataka kwa kawaida shauri la talaka lipite kwanza katika baraza la usuluhishi. Lakini mara nyingi watu wafikapo huko, moyo umekwisha kuwa jiwe. Asiyeziba ufa atajenga ukuta. Mtembeleeni mapema mke aliyeachwa peke yake, mwende wawili wawili, pasiwe na masingizio. Sikieni pande zote mbili, wala msipendelee ukoo. Siri mliyoambiwa isitoke mlangoni. Na mnapowafundisha wachumba, msiwaulize Katekisimo tu. Waulizeni pia: Fedha mtaitunzaje? Mume akisafiri, atakaa muda gani? Mkikosana, mtamwendea nani? Afadhali wachelewe kufunga ndoa miezi mitatu kuliko kulia miaka 30.

Ndugu, Kristo ndiye Bwana arusi wa Kanisa. Naye alikwenda zake kwa Baba, lakini hakuondoka kimya. Aliwaambia wanafunzi aendako, akampeleka Roho Mtakatifu awe pamoja nao, akaahidi kurudi. Mume aliye mbali na ajifunze kwake kuaga, kutunza na kurudi. Na mke anayengoja ajue kwamba Bwana wake hamsahau.

Mungu wa amani akae katika nyumba zenu zote, zilizo mashambani na zilizo machimboni. Amina.