Je, Kifaranga cha Samaki Chalipa Deni la Mto?

Mtu akivunja chombo cha mwenziwe, kisha akamletea kingine mfano wake, ametoka katika dhima. Je, waliowamaliza samaki wa mto nao watatoka katika dhima kwa kumwaga vifaranga ziwani? Suali hili, wasomaji wetu, laonekana liko mbali na pwani. Lakini kila mwenye wando lake mkondoni atalifahamu upesi.

Atokaye Kisumu kwa njia ya Busia hupita Otonglo. Katika masoko ya upande ule leo watu hununua mbuta, ngege na omena. Ningu amekuwa adimu. Huyu ni samaki wa ziwa ambaye mvua zikinyesha hupanda mito, Nzoia, Yala, Nyando na Sondu, akataga mayai, kisha akarejea. Watu wa juu wakimtega kwa nyua na madema, na wengine wakipita wakazaa. Majarife yaliingia ghuba ya Winam mwaka 1905. Baadaye yakatandwa midomoni mwa mito, yakamnasa jike na mayai yake tumboni. Kufikia 1965 ilikwisha andikwa habari ya kuanguka uvuvi wa ningu katika Nzoia, na kufifia mitego ya jadi pamoja nao. Basi aliyedhulumiwa ni mtu wa juu ya mto, ambaye pengine hata hilo jarife hakuliona.

Wako wasemao: tusigombane na nyavu, tuangue vifaranga. Kuangua kwawezekana, nchini Uganda wataalamu walikwisha mzalisha ningu kwa dawa, na habari zake zikachapwa 2004. Na huko Alaska na Japani hufunguliwa mabilioni ya vifaranga vya salmoni kila mwaka. Hukulia baharini bila ya kulishwa na mtu, kisha hurejea mto ule ule walikotolewa. Hata hivyo wako wataalamu wanaolalamika kuwa umati huo wala chakula cha salmoni wa asili, kwani malisho ya bahari nayo yana kikomo.

Mwenye kizimba ziwani hatuna neno naye. Samaki ni wake, na walipokufa kwa wingi karibu na Kisumu Novemba 2022, hasara ilikuwa yake. Ama kifaranga kilichofunguliwa, hicho hakina mwenyewe mpaka kivuliwe. Na mafakihi hutaja samaki aliye majini kuwa mfano wa biashara ya gharari. Basi nani atakayekivua? Ningu huyo akikua atafuata mvua, na mdomoni mwa mto atalikuta jarife lile lile. Malipo yatamfikia kwanza mwenye deni, na mwenye kudai huko juu ataendelea kungoja.

Kwa rai yetu, mwenye uwezo wa kuangua na aangue, lakini baada ya majarife kuondolewa midomoni mwa mito msimu wa mvua. Na aulizwe kwanza mtu wa juu, kabla ya mwenye mashua, kama ningu wamemfikia.